Dakika Ngapi za Kupiga Chuma Radio?

Ndugu musomaji, na wewe mama unayefua koti la kazi la bwana yako, pengine umesikia akisema: «Leo usiku wanapiga tiyo radio, walitufukuza mbali.» Ukajiuliza, chuma nacho kinagonjwa? Hapana. Lakini pale mafundi walipounga vyuma kwa sudire, ndani kunaweza kubaki ufa ao tundu ambalo jicho halioni. Mvuke ukipita na nguvu yake, tiyo inapasuka na kuua watu. Ndiyo sababu wanaipiga radio, sawa vile munganga anavyopiga kifua.

Mara nyingi wanatumia kipande kidogo cha iridiumu 192, kinachokaa ndani ya sanduku zito sana. Wanaweka filme upande moja wa tiyo, wanasukuma kipande kwa kamba ya chuma mpaka upande wa pili, wanahesabu dakika. Sasa, dakika ngapi? Hapo ndipo kazi iko.

Tuseme tiyo moja ilitaka dakika 10. Unene wa chuma ukiongezeka milimita 13 hivi, nusu ya mishale inamezwa: weka 20. Ukivuta kipande nyuma, toka sentimita 50 mpaka metre 1, haitakuwa 20, ni 40. Watu wengi wanashangaa hapa. Lakini angalia mwanga wa tochi ukutani: ukirudi nyuma, unatandaa kwa upana na kwa urefu pia, basi kila pahali panapata robo tu.

Tena iridiumu inazeeka mbio. Kisha siku 74 nguvu yake inabaki nusu, na dakika 10 zinakuwa 20. Fundi hawezi kusema «mwezi uliopita nilifanya hivi». Anatazama tarehe ya kipande, anahesabu upya. Kwa chuma kinene sana wanatumia kobalti 60. (Usiogope jina: kobalti ya mawe ya Kolwezi ni 59, yenyewe haitoi mishale. Inageuka 60 ndani ya mutambo wa atomu.)

Dakika zikipunguka, filme inabaki nyeupe, ufa unajificha. Zikizidi, inakuwa nyeusi tii. Njia zote mbili ni kurudilia, na kila kurudilia ni mishale tena karibu na mafundi. Mukubwa wa kazi anayepiga kelele «mbio, mbio!» wakati watu wanahesabu, mimi naona anajipotezea usiku muzima.

Na wakimaliza, lazima mutu aende na kipimo mukononi kuhakikisha kipande kimerudi kweli ndani ya sanduku. Mwaka wa 1984, kule Mohammedia, inchi ya Moroko, kilikatika na kamba kikabaki chini. Mutumishi mumoja akakiokota, akakipeleka kwake. Yeye na jamaa yake walikufa, watu 8 jumla. Mwanzoni watu walifikiri ni sumu. Kilikuwa kachuma kadogo tu, bila harufu.

Kwa hiyo mama, kachuma kageni kakiingia nyumbani toka kazini, usikashike, usikauzishe kwa wanunuzi wa vyuma. Toa watoto wote inje, kaeni mbali, na tuma mutu kwa wakubwa wa kompani usiku uleule.