Jogoo Hamtangulii Mzee

Kwetu Lamu, tangu zamani, baba mwenye uwezo humjengea bintiye ghorofa juu ya nyumba yake. Huko Lambwe mambo ni mengine. Kijana hulala ndani ya simba. Usishtuke, msomaji: kwa Kijaluo ndicho kibanda cha mwana katika boma la babake. Akiisha kuoa na kuzaa, hutoka akajenge boma lake mwenyewe, dala. Mzee hata awe hana senti, sharti aende. Hutangulia alfajiri kuonyesha kiwanja, nyuma yake jogoo, shoka na moto. Akiwa marehemu, ami hushika nafasi. Bonde hilo la mbung'o na malale lilipogawiwa walowezi miaka ya 1960, shamba mtu alilipata ofisini. Jogoo, kwa mila, alimngoja mzee.