Dokutoku Si Neno la Kusifia

Vijana watembezao wageni, ambao hunijia hapa Amani kutaka kuongezewa Kijapani, hawaachi kuniuliza swali lile lile, "Mwalimu, 'ya kipekee' Wajapani waisemaje?", na kila nimjibupo mmoja wao kwamba dokutoku ni mojawapo ya maneno yaliyo karibu na maana hiyo, hulitwaa akenda nalo Mji Mkongwe na mashamba ya viungo ya Kidichi, akalibandika kwenye milango ya nakshi, kwenye karafuu, hata kwenye mchuzi wa pweza, kwa itikadi kwamba amekwisha kupata neno la kusifia kila kitu.

Dhana hiyo, inayoenezwa na orodha za maneno zipitishwazo simu kwa simu, ni batili, nami imenichosha. Dokutoku halisifu wala halitwezi. Laeleza tu kwamba kitu kina harufu, ladha au mtindo wake ambao kingine hakina, na hukumu ya uzuri au ubaya huachiwa msemaji, naye Mjapani, kwa adabu aliyolelewa nayo, aghalabu hapendi kuitamka hukumu hiyo waziwazi. Mgeni aliyeonjeshwa doriani, akatabasamu na kusema "dokutoku na aji desu ne", yaani ladha hii ina namna yake, yamkini amekwisha kukataa kipande cha pili. Na kijana amwongezaye kwa furaha, akiamini kuwa tunda limesifiwa, hakulisikia jibu alilopewa. Tena sisi hatuna udhuru katika jambo hili, kwani tukiambiwa kwamba fulani "ana mambo yake", nani kati yetu hudhani kuwa ametajwa kwa wema?

Basi shikeni haya. Mbele ya nomino ongezeni "na" ya Kijapani: dokutoku na nioi, harufu ya namna yake. Mwishoni mwa sentensi "na" hiyo huondoka: kono nioi wa dokutoku desu. Kukanusha ni dokutoku dewa arimasen. Ile -kunai ya kukanusha waachieni akina mezurashii, adimu. Kisichopatikana ila kwetu ni Zanjibaru tokuyuu no. Mkitaka kusifu, semeni subarashii, na chakula oishii. Na kabla ya kumwongeza mgeni doriani, mwulizeni "mou hitotsu ikaga desu ka", yaani je, mngependa kimoja zaidi? Akijibu "chotto", yaani kidogo, na kuivuta sauti pasipo kumaliza sentensi, mwondoleeni sahani.