Nywele Zinaponyonyoka: Somo kutoka Minneapolis

Kwetu huku Ghuba, mama akiona nywele zimejaa kwenye kitana, lawama ya kwanza huenda kwa maji ya bomba, na tiba ya kwanza ni mafuta ya nazi au habbasoda. Lakini ndugu zetu wa Minneapolis, wanaotumia maji ya mto Mississippi, nao wananyonyoka nywele vilevile. Maji makali huweza kukausha unywele ukakatika, lakini kukatika si sawa na kung'oka.

Katika mji huo, mtaa wa Cedar-Riverside una Wasomali, Waoromo na Waafrika Mashariki wengine wengi. Jirani yake ni Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako Profesa Maria Hordinsky, daktari wa ngozi, ametumia miaka mingi kuchunguza maradhi ya nywele. Daktari wa fani hii hutaka kujua jambo moja kwanza: mzizi ungali hai, au umeshageuka kovu?

Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Zikitoka nyingi kichwa kizima miezi miwili au mitatu baada ya kujifungua, homa kali au msiba, mzizi u hai na kwa kawaida nywele hurudi ndani ya mwaka. Zisiporudi, pimeni damu, madini ya chuma na tezi ya shingo.

Mabaka ya mviringo yasiyo na nywele hutokea kinga ya mwili inaposhambulia mizizi. Hutibiwa kwa sindano za steroidi kichwani. Kwa hali kali, Marekani iliidhinisha vidonge vya baricitinib kwa watu wazima mwaka 2022, na ritlecitinib kuanzia umri wa miaka 12 mwaka 2023. Minnesota ina sheria inayozitaka bima zichangie wigi la mgonjwa wa aina hii, kwani ni maradhi, si urembo.

Upara wa kurithi huja polepole. Minoksidili, iliyoanza kama dawa ya presha, iliidhinishwa kupakwa kichwani mwaka 1988. Ukiiacha, faida yake hupotea. Finasteraidi, ya mwaka 1997, ni ya wanaume, mjamzito asiitumie.

Kwa mtoto wa skuli mwenye magamba na nywele zilizokatika, huenda ni mapunye. Hapo mafuta hayatoshi, maana ukungu umo ndani ya unywele. Huhitaji dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa.

Zinazotisha ni aina mbili. Ya kwanza ni ya kuvutwa: misuko ya kubana na rasta nzito hula nywele za pembeni mwa uso. Ukiacha mapema zinaota. Ukiendelea kwa miaka, mzizi hufa. Ya pili huanzia utosini na kutanuka, na huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Mwaka 2019 watafiti waligundua kuwa baadhi ya wagonjwa wana kasoro katika jeni iitwayo PADI3, basi si msusi peke yake wa kulaumiwa. Daktari hukata kipande kidogo cha ngozi kukipima, kisha hutoa dawa za kutuliza uvimbe. Dawa hizo huzuia ugonjwa usienee; palipoota kovu hapaoti tena nywele.

Ndiyo maana kungoja ni hatari. Shungi hutusitiri, lakini pia huficha ugonjwa hata kwa mume na dada. Mara moja kwa mwezi, mwombe binti yako akupige picha ya utosi na pembeni, mlinganishe. Mkiona baka, ngozi laini inayong'aa, au kichwa kikiuma na kuwasha, nendeni kwa daktari wa ngozi. Mwanamke anaweza kuomba atazamwe na daktari wa kike. Mafuta ya bibi yabaki kwa kulainisha nywele zilizopo.