Je, Wajua? Treni, Moshi na Kamera

Umewahi kuiona ile picha ya injini ya treni iliyotoboa ukuta wa stesheni ikabaki imesimamia pua barabarani? Si picha ya kuungaunga! Ni Paris, Oktoba 22, 1895. Treni ya kutoka Granville ilikuwa imechelewa, dereva akaja mbio kufidia dakika, breki zikamgomea. Abiria 131 walitoka hai wote. Aliyekufa ni mama mmoja aliyekuwa chini mtaani, akimshikia mumewe biashara ya magazeti. Na dereva? Faini ya faranga 50.

Je, wajua kuwa ajali ya treni ilishapigwa picha mwaka 1853? Treni mbili ziligongana uso kwa uso Valley Falls, Rhode Island, watu 14 wakafa. Picha ilitokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha: nakala moja, basi.

Ngoja, cheka kidogo. Mwaka 1900 reli ya Chicago & Alton ilitaka treni yake nzima iingie katika picha moja. Mpigapicha George Lawrence akaunda kamera ya kilo 600 na ushei, ya kuhudumiwa na watu 15! Kabla ya kupiga, mtu mwenye brashi aliingia ndani ya kamera, mzima mzima, kufuta vumbi kwenye kioo. Picha ikapelekwa kwenye maonyesho ya Paris, na waamuzi hawakuamini kuwa ni moja mpaka wakaletewa viapo.

Haya, hii ndiyo kiboko yao. Septemba 15, 1896, huko Texas, ofisa wa reli William Crush aligonganisha treni mbili makusudi, ili watu watazame! Kutazama bure, ulilipa nauli tu. Walifika kama 40,000. Mafundi walimhakikishia kwamba boila hazitapasuka. Zikapasuka zote mbili, vyuma vikanyesha juu ya umati, watu wasiopungua wawili wakafa. Mpigapicha Jarvis Deane alipigwa na bolti, jicho likaenda. Crush akafukuzwa kazi papo hapo, na kesho yake, amini usiamini, akarudishwa.

Bado upo? Desemba 28, 1879, daraja la Tay, Scotland, lilianguka kwenye dhoruba likiwa na treni juu yake. Hakupona hata mmoja. Wachunguzi wakaagiza mabaki yapigwe picha, nguzo kwa nguzo. Injini nayo ikaopolewa mtoni, ikatengenezwa, ikapiga kazi hadi 1919! Wafanyakazi wa reli walishaibandika jina: Mpiga Mbizi.