Geoffrey Bawa: Wakili Aliyegeuka Msanifu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Geoffrey Bawa akiwa wakili wa Colombo aliyechoshwa na uwakili, ambaye mwaka 1948 alinunua Lunuganga, shamba la zamani la mpira, ili aligeuze bustani. Nia alikuwa nayo, ujuzi hakuwa nao. Akaenda London kusomea usanifu majengo, akahitimu mwaka 1957 akiwa na miaka 38. Wapo wanaosema alichelewa. Mimi naona umri huo ulimfaa, kwa kuwa alikuwa ameshasafiri nchi nyingi na kujua ugeni wenyewe ulivyo.

Aliporudi, nyumba aliyomjengea msanii wa batiki Ena de Silva mjini Colombo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilionyesha njia yake. Kwa nje ilikuwa ukuta tu. Ndani vyumba vyote vilizunguka ua wenye miti. Msomaji wa Lamu au Mji Mkongwe hatashangaa, maana nyumba inayoipa barabara kisogo na kufungukia ndani anaijua tangu utotoni.

Hoteli iliyompa jina ni ile ya ufukwe wa Bentota, mwishoni mwa miaka ya 1960. Serikali ya Ceylon, kama Sri Lanka ilivyoitwa wakati ule, ilibana uagizaji wa bidhaa kwa uhaba wa fedha za kigeni. Watanzania waliopanga foleni miaka ya 1980 wanaelewa hali hiyo. Basi Bawa akawategemea mafundi na wasanii wa nyumbani. Ena de Silva alitandika batiki dari zima la mapokezi, na Barbara Sansoni akaleta vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Wasanifu wengi humwita mpambaji jengo likishakwisha. Bawa alilifikiria dari, kiti na mti wa uani kwa wakati mmoja, na ndiyo maana ni vigumu kusema usanifu wake unaishia wapi na upambaji unaanzia wapi.

Kandalama, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1994, ilimtaka ujasiri zaidi. Wenye mradi walitaka kujenga karibu na mwamba wa kale wa Sigiriya. Aliwashawishi wasogee mbali, kwenye jabali la ng'ambo ya bwawa, ili mwamba uonekane kwa mbali kupitia majini. Jengo lina urefu wa karibu kilomita moja, limesimama juu ya nguzo, na mimea imetambaa hadi kulificha. Mgeni huingia kama anayeingia pangoni, akapita ukumbi wenye mwamba ubavuni, na ghafla bwawa likamfungukia mbele.

Juu ya ngazi za hoteli hiyo yupo bundi mkubwa, kazi ya msanii Laki Senanayake. Kwetu bundi ni ndege wa nuksi. Pale ametandaza mabawa juu ya vichwa vya wageni wanaopanda kwenda kulala.

Wiki ijayo: Bunge la Kotte, lililojengwa katikati ya ziwa.