Semesta Ijayo ya Mwanafunzi wa Bel-Air

Kijana wa mtaa wa Bel-Air anayesomea metalurjia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, ana sababu yake ya kuisubiri semesta ijayo: masomo yanayomngoja yanahusu ardhi anayoikanyaga kila siku. Mji wake ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mwaka uliofuata, tanuri la kampuni ya Union Minière lilianza kuyeyusha mawe ya mgodi wa Étoile, ulio kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, hadi leo ndilo alama ya Lubumbashi.

Tangu utotoni ameiona malakiti, lile jiwe la kijani, ikichongwa kuwa shanga na visanduku vya kuuzwa. Darasani atajifunza kwamba ukijani ule ni shaba yenyewe. Mawe husagwa, asidi ya sulfuriki huitoa shaba ndani yake na kuiyeyusha, kisha mkondo wa umeme hupitishwa mpaka shaba safi igande juu ya bamba. Kobalti nayo hutenganishwa kwa njia za kikemia. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, na sehemu kubwa huishia kwenye betri za simu na magari.

Semesta yenyewe ni jambo jipya.

UNILU, iliyofungua milango mwaka 1956, kwa miaka mingi ilihesabu masomo kwa mwaka mzima: mitatu ya gradua, kisha miwili ya lisansi. Aliyeshindwa sesheni ya kwanza ya mitihani alijaribu ya pili. Akishindwa tena, angeweza kulazimika kurudia mwaka wote. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Kongo vimeingizwa katika mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na daktara. Sasa lisansi ina semesta 6, kila moja krediti 30, jumla 180.

Mabadiliko haya yana uzito kwa mwanafunzi. Krediti ikishapatikana haipotei, hivyo aliyeanguka somo moja hafuti kazi ya miezi yote. Lakini nafasi ya kuzembea imepungua. Kwa hesabu ya Ulaya, ulikotoka mfumo huu, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Semesta moja basi inadai saa zisizopungua 750, zikiwemo za kujisomea.

Ndiyo maana likizo inatumika kujiandaa. Mwanafunzi anamfuata yaya, yaani mkubwa aliyemtangulia, ili aazime silabusi na kunakili mazoezi ya zamani. Wazazi wanatafuta fedha za minervali, yaani ada ya masomo. Kisha kuna nauli ya kila siku, maana kutoka Bel-Air, katika komine ya Kampemba, hadi kampasi ya barabara ya Kasapa ni lazima kuvuka mji.

Maandalizi hayo yanastahili kusaidiwa. Orodha ya masomo na krediti zake ikibandikwa kabla ya likizo, familia itajua mapema gharama za vitabu na nakala, na mwanafunzi anayedaiwa krediti atajua somo la kuanza nalo.