Kipumulio cha pili: kwa nini kikae ku shingo



Ukiangalia vizuri mtu anayezama na chupa ya hewa, utaona ana vipumulio viwili: kimoja mu kinywa, kingine cha akiba. Wengi wanasema hicho cha pili ni kama pneu ya spea. Hapana. Pneu ikipasuka, unasimamisha gari, unashuka, unatafuta. Chini ya maji, mita 30, mtu aliyeishiwa na hewa hana muda wa kutafuta kitu.

Kazi yenyewe ni hivi. Chupa inajazwa hadi bar 200 hivi. Kifaa kinachofungwa ku robine kinashusha nguvu hiyo mpaka karibu bar 10 zaidi ya nguvu ya maji yanayokuzunguka. Kutoka hapo hewa inapita mu tiyo mpaka ku kipumulio, nacho kinafunguka pale tu unapovuta pumzi. Kifaa kimoja, tiyo mbili, vipumulio viwili.

Shida iko ku mpangilio. Desturi ya wengi ni kipumulio cha akiba cha rangi ya manjano, tiyo ya mita 1 hivi, kinabanwa ku kifua. Wazungu wanakiita pweza. Mwenzako akiishiwa, unampa hicho. Lakini kinachomoka, kinakokotwa mu mchanga, na siku ya hatari kinatoa matope. Tena mtu mwenye hofu hatafuti manjano. Ananyakua kile anachoona kinatoa hewa, yaani cha mu kinywa chako.

Wazamiaji wa mapango ya Florida, kule Marekani, walikubali jambo hilo na kugeuza utaratibu. Unampa mwenzako kipumulio unachopumulia, juu hicho unajua kinafanya kazi. Wewe unachukua cha akiba, kinachokaa chini ya kidevu. Tiyo ya kumpa mwenzako inafika mita 2 na kidogo, juu mu njia nyembamba ya pango watu wawili hawawezi kuogelea bega kwa bega. Wenye kukamata samaki wa mapambo kwenye mawe ya Tanganyika hawaingii mapango. Kwao mita 1.5 naona inatosha.

Tiyo ya akiba ni fupi, sentimita 60 hivi, inapita juu ya bega la kuume. Funga kamba ya mpira pale mdomo laini unaposhikana na kipumulio, ufanye kitanzi cha kuvaa kama mkufu. Urefu wa kitanzi njo kazi kubwa: ukiinamisha kichwa, midomo ifikie kipumulio bila mkono kusaidia. Jaribu mara tatu, nne, ukate upya kama inabidi. Tiyo ndefu inashuka chini ya kwapa la kuume, inavuka kifua, inazunguka nyuma ya shingo mpaka ku kinywa. Mkufu uvaliwe kwanza, tiyo ndefu ije juu yake; ukigeuza, itanasa siku ya kuitoa. Kabla ya kuzama, ivute yote mpaka mwisho, kisha pumulia kile cha akiba.

Sasa hesabu, maana tiyo haizai hewa. Sheck Exley, mwalimu wa hesabu wa Florida, alichambua ajali za mapangoni mu kitabu chake cha 1979, na kanuni ya theluthi njo inayofuatwa huko: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya dharura. Hata nje ya pango, ona: mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji, ku mita 30 anatumia karibu 80. Wawili ni 160, na hofu bado hatujaihesabu. Chupa ya lita 12 iliyobaki na bar 50 ina lita 600. Hazifiki dakika 4, na kupanda peke yake kunakula 3.

Jambo moja watu wanasahau: kile kikamba cha plastiki kinachobana mdomo laini. Kikilegea, utavuta kipumulio na mdomo utabaki ku mkufu. Kikaze kila safari.